Kuotesha Vidole

Karani pale Posta, barabara ya Digo,
alikibana kidole gumba changu kwenye kioo
kama mtu anayejaribu embe.
Akafuta kioo. Akafuta kidole. Akabana tena.
"Mzee Matano, huna alama."
Nina miaka thelathini na minne.
Nikamwambia: ni saruji.
Miaka kumi na mmoja ya vigae, grauti na msasa,
vyoo vya watu Nyali, majiko ya watu Bamburi,
ngozi imelika ikawa laini kama ndani ya kombe.

"Pumzika wiki. Usishike kazi. Paka mafuta.
Vikiota, rudi."

Basi nikaketi nyumbani, Magongo,
nisifanye kazi
ili nipate cheti
cha kuniruhusu kufanya kazi.
Umazi akanikanda vidole kwa mafuta ya nazi kila usiku,
akanikataza hata kufua, hata kushika mbuzi nikakuna,
akicheka: "Bibi harusi wangu."
Siku ya nne hakucheka.
Debe la unga lililia alipolikwangua.

Siku ya sita, kwenye mwanga wa dirisha,
nikaona mistari inarudi, myembamba,
kama ukili unaoanza kusukwa.
Nikafurahi, Mungu anisamehe.
Nikasahau vidole hivi vinamjua nani.

Vinamjua kijana wa miaka kumi na tisa, Shimanzi,
nyuma ya ghala, wembe mkononi,
gunia limepasuka, sukari inamiminika kwenye shati.
Kilo nne. Hakimu ndiye aliyezipima, mimi sikuzipima.
Dada yangu alikuwa bado ndani ya arubaini yake,
na uji wa pilipili manga bila tamu haushuki.
Kidole kimoja hakivunji chawa;
vyangu vilikuwa kumi, na vyote vikachovywa wino.
Faini sikuwa nayo. Miezi mitatu Shimo la Tewa.
Nikatoka. Nikadhani nimetoka.

Mtaani waliniambia yaliyopita si ndwele.
Imamu alisema, mama alisema,
hata mwenye ghala, kabla hajafa, aliniitikia salamu.
Lakini lile faili la Nairobi halijui methali.
Halijui kwamba nilioa. Halijui funguo
za nyumba tisa nilizoachiwa, wenyewe wakasafiri,
nikazirudisha zote, na chenji ya grauti juu yake.
Linajua kilo nne.

Cheti kikaja. Kina muhuri, kina nembo,
kizuri hata cha kutundikwa ukutani,
isipokuwa ule mstari mmoja katikati.
Cheti chenyewe kinaisha muda baada ya mwaka.
Mstari hauishi.

Nikakipeleka Miritini, kwenye kampuni:
fundi wa kudumu, mshahara wa mwezi, bima ya mtoto.
Bwana Lughanje alikisoma polepole. Hakuwa mtu mbaya.
Akanimiminia chai ya rangi.
"Ingekuwa ni mimi peke yangu, ungeanza kesho.
Lakini wakubwa, wawajua. Watasema
mchovya asali hachovyi mara moja."
Nikaliangalia bakuli la sukari pale mezani.
Na yeye akaliangalia.
Nikainywa chai ile vivyo hivyo, chungu,
kijiko kikalala kwenye kisahani, kikavu.

Jumatatu nikarudi kwa Fundi Mwadzaya,
kibarua cha kutwa, ngazi za ghorofa huko Mtwapa.
"Wiki nzima ulikuwa wapi?"
"Nikiotesha vidole."
Akadhani mzaha, akanitupia mwiko.
Nikachanganya: mchanga karai tatu, saruji moja,
maji kwa kukisia.

Kufikia alasiri gumba lilikuwa linawasha.
Nikalitazama: mstari wa juu kabisa
umekwisha kwenda.
Nikalilamba.
Ladha ya chokaa.